Aliyeonja Kwanza

Hakuna mtu aliyewahi kunywa kitu nyumbani kwake kabla yeye hajaonja. Iwe chai, maji ya mtungi, uji wa mgonjwa, hata dawa ya kikohozi ya mtoto wa jirani, alimimina, akapiga funda moja mbele ya macho yako, akanyamaza kidogo kama mtu anayelisikiliza tumbo lake, ndipo akakupa kikombe.

"Haya, mimi bado ni mzima," alikuwa akisema. "Kunywa."

Mtaani Ng'ambo, hapa Tabora, walimwita Mpishi. Alikuwa amepika wanzuki, pombe ya asali, kwa miaka zaidi ya ishirini, na jina lilimganda hata baada ya mapipa yake kugeuzwa ya kukingia maji ya mvua. Mimi nilimwita Bibi. Sasa anaishi Igunga kwa binti yake, kwa sababu ya miguu, na benchi lake la Jumamosi, la watu wanaojaribu kuacha pombe, tumeachiwa sisi. Nimejaribu kumwandika mara nyingi nikachana karatasi, kwa kuwa kila mara anatoka mwema kuliko alivyokuwa. Safari hii nimeamua kutochana.

Nianze na kuonja, maana huko ndiko alikopotelea. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu wala uchawi. Ni heshima ya zamani, na ukiiruka umemtukana mgeni au umejitangaza mchawi. Kwa mpika pombe hiyo ni kazi ya kutwa nzima.

"Fikiria mwenyewe," aliniambia. "Kibuyu kipya, naonja. Meza mpya, naonja. Akija mteja mgomvi, naonja mara mbili. Ikifika saa kumi jioni nimekunywa kuliko wateja wote, na hakuna aliyeniona nikinywa. Waliniona nikifanya kazi."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu nami hakuna aliyeniona nikinywa. Waliniona nikiandika. Mimi ni mwandishi wa vibao: majina ya maduka, milango ya saluni, nyuma ya magari ya mizigo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kunakili herufi za kwenye magunia na mabehewa, na kwa sababu hakuna aliyenifundisha, siku zote nilihisi kuna mtu atakayekuja kusimama nyuma yangu aseme, huyu binti hajui kazi. Herufi ikipinda unene wa uzi, nilifuta ukuta mzima. Usiku sikulala nikiwaza mkia wa R. Kisha nikagundua kwamba gongo kidogo kwenye chupa ya soda inautuliza mkono. Mwaka wa kwanza ilinituliza mkono. Mwaka wa tatu, bila hiyo chupa, mkono haukuweza kushika brashi asubuhi.

Tulikutana kwa kazi. Alitaka kibao cha ASALI, maana baada ya kuacha kupika alibaki kuuza asali ya chupa na maandazi. Nilikuja na rangi, ngazi na chupa yangu ya soda. Niliandika ile S mara nne, nikaifuta mara nne. Alikuwa ameketi kibarazani akisaga tangawizi. Niliposhuka kuchukua kitambaa, nilimkuta ameshika chupa yangu, ameifungua, pua mdomoni mwa chupa.

"Hii ya yule mama wa nyuma ya ghala," alisema. "Anaweka sukari guru nyingi mno. Ndiyo maana asubuhi kichwa kinakugonga kisogoni."

Nikasema ni ya mtu mwingine, nimeibeba tu.

"Ya mtu mwingine, sawa. Mwambie huyo mtu mwingine kwamba anatetemeka kwa mkono wa kulia zaidi, na kwamba nimeona."

Hakunihubiria. Alirudisha kifuniko, akaweka chupa pale ilipokuwa, akaendelea kusaga. Nilipotaka kuifuta S kwa mara ya tano alikataa. "Iache. Kibao kinauza asali, hakiendi kuposwa." Ile S imeegemea upande mpaka leo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipita njia nyingine nisiione.

Si kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi, na alijua kuuchonga. Alikuwa mwongo wa umri: mwaka huu sitini, mwaka uliofuata hamsini na nane. Alipenda khanga mpya kupita uwezo wake. Alinusa ugoro tangu alfajiri, akapiga chafya kama bunduki. Na jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: asali yake aliwauzia wapika pombe bila kupepesa macho.

Kwenye benchi kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyeacha kunywa baada ya kulala njiani kwenye reli ileile aliyoitengeneza maisha yake yote. Yeye hakumwacha apumue.

"Mpishi, sisi unatukalisha hapa kwa chai, na wapika pombe unawapelekea asali mpaka mlangoni."

"Nauza asali. Wakiipika, jiko ni lao."

"Na ugoro je? Huo nao ni chai?"

"Ugoro ni wa pua, mzee. Pua yangu haijawahi kunilaza mtaroni. Yako wewe nasikia ilishalazwa relini."

Mstaafu alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini baadaye, tulipobaki wawili, Mpishi alisema polepole, bila kuniangalia, "Kasema kweli yule. Ila sina biashara nyingine." Kisha akabadilisha mazungumzo.

Benchi hilo lilikuwa la watu watano au sita, kila Jumamosi mchana. Hakuna kilichofundishwa. Mtu alikuja, akaonjewa chai, akapewa kazi ya mikono: kuchambua mchele, kuosha chupa, kushona gunia. Mikono ikishughulika, mdomo ulifunguka wenyewe. Hakuuliza umeacha tangu lini. Aliuliza, "Leo umekataa nini?" Mmoja alisema amekataa kupita njia ya kilabuni. Mwingine alisema hajakataa kitu, amekunywa asubuhi, na Mpishi akamwambia, "Lakini umekuja. Shika ungo."

Kanisani waliwahi kumwomba atoe ushuhuda. Alikataa. Niliona ni kiburi, nikamwambia.

"Nikisimama pale niseme nimepona, watanipigia makofi," alijibu. "Halafu nikianguka, nitarudi vipi mbele ya watu walionipigia makofi? Mimi nataka mahali ambapo mtu aliyeanguka anaweza kurudi."

Sikumwelewa. Mimi nilikuwa mtu wa makofi.

Nilipoamua kuacha, niliamua kwa namna yangu: Jumatatu, saa moja asubuhi, peke yangu, mlango umefungwa, bila kasoro. Siku ya pili nilikuwa natetemeka mwili mzima, jasho limelowesha godoro, na ukutani nilianza kuona herufi zangu zikitembea kama siafu. Mpishi alikuja kwa sababu nilikosa kwenda kuchukua rangi niliyoiacha kwake. Alinitazama mara moja, akaita bajaji.

"Nataka niache kwa nguvu zangu," nilimwambia.

Alipandisha mkono wa gauni. Kuanzia kiwiko mpaka kifundo kulikuwa na kovu jeusi lenye mikunjo. "Mimi niliacha kwa nguvu zangu. Siku ya pili nikashikwa na degedege, nikaangukia jiko. Twende."

Hospitalini daktari alinieleza kwa utulivu kwamba mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu unaweza kushikwa na degedege ukinyimwa ghafla, hata mtu kufa, kwa hiyo huachishwa kwa dawa na kuangaliwa. Sikuwa nimejua. Nilidhani kutetemeka kule ni adhabu, na kwamba nikiivumilia bila kulia nitakuwa nimelipa. Nililazwa siku tano. Mpishi aligombana na muuguzi kila asubuhi, akitaka kuonja vidonge kabla sijapewa.

"Mama, hivi ni vya mgonjwa."

"Basi onja wewe."

Muuguzi alicheka, akakataa, na Mpishi akakaa pembeni amenuna, chupa yake ya chai mapajani. Daktari aliponiruhusu alinipa tarehe za kurudi kwa mshauri, na Mpishi, ambaye aliwadharau madaktari kwa mambo mengine yote, alinisindikiza tarehe zote.

Ile chupa ya chai lazima niieleze. Aliibeba kila mahali, msibani, sokoni, kanisani. Yeye aliyewaonjea watu wote hakunywa kitu kutoka mkono wa mtu yeyote. Nikimkaribisha chai kwangu, alisema ameshiba. Iliniuma. Nilidhani kikombe changu hakikuoshwa vizuri, nikanunua vikombe vipya. Alisema ameshiba.

Mwishowe alinieleza mwenyewe, tukiwa tunaosha chupa za asali. Mwaka wa pili tangu aache, alialikwa kwenye harusi ya jirani. Vijana waliotaka kucheka walimtilia gongo kwenye soda.

"Walinitilia, ndiyo," alisema. "Watu wote wanaijua hiyo sehemu, wananihurumia. Sehemu wasiyoijua ni hii: nilijua kwa funda la kwanza. Pua hii, nisijue? Nilijua, nikaimaliza chupa, nikanyoosha mkono niongezewe."

Miezi minne ilipita kabla hajarudi kwenye chai. Tangu hapo hakupokea kinywaji cha mtu. Nilimuuliza kama hakuwaamini watu. Alifuta chupa kwa muda mrefu. "Watu nawaamini. Simwamini yule aliyenyoosha mkono."

Mimi nyumbani nilikuwa na hesabu. Nyuma ya mlango nilichora mstari mmoja kwa kila siku niliyokaa bila pombe, rangi nyeusi, urefu sawa, nafasi sawa, nikitumia rula. Ilipendeza. Mpishi alipoiona alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila nikiitazama naogopa. Kama kabati la vyombo vya udongo."

Nilikasirika siku nzima.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe. Mdogo wangu wa kike alichumbiwa na kijana wa Nzega. Nyumbani kwetu ni Goweko, wazazi wangu wanalima tumbaku, na mimi ndiye binti mkubwa. Wakwe wakija, binti mkubwa ndiye huwapelekea wanzuki na kuonja mbele yao. Nyumbani hawakujua lolote kuhusu mimi. Nililazwa hospitali wakaambiwa malaria.

"Umemwambia mama yako?" Mpishi aliuliza.

"Sijui nianzeje."

"Basi usiende."

"Nitagusisha mdomo tu, Bibi. Sitameza."

"Mimi pia niligusisha mdomo," alisema. "Miaka ishirini."

Nilienda. Siku hiyo ya utambulisho nilipiga magoti vizuri, nikashika kata ya kuchotea vizuri, kila kitu vizuri. Mzee wa upande wa mume alikuwa akinitazama usoni, na mimi sikuweza kudanganya mbele ya macho yale. Nilimeza. Ilikuwa tamu. Wageni walipoondoka nilikwenda nyuma ya banda la tumbaku na kibuyu kilichobaki, na nilikunywa siku tatu, nikimwambia mama kwamba kichwa kinauma.

Niliporudi Tabora nilipaka nyuma ya mlango rangi nyeupe, nikarudia mara ya pili, mstari hata mmoja usionekane. Nilijiambia kwamba miezi minane yote ilikuwa uongo. Sikugusa pombe tena, lakini sikwenda benchini. Nilimkwepa Mpishi kwa wiki nne, na kila siku ya wiki hizo nilikuwa hatua chache kutoka kwa yule mama wa nyuma ya ghala.

Alinikuta juu ya ngazi, naandika ukuta wa mashine ya kusaga.

"Shikamoo, Bibi," nilisema bila kugeuka.

"Marahaba. Shuka. Siongei na visigino."

Nilishuka. Alikuwa ametembea kwenye jua kali, na miguu ilikuwa imeshaanza kumvimba. Aliketi juu ya gunia la pumba, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akaonja, akanipa.

"Ulikunywa siku ngapi?"

"Tatu." Sijui alijuaje. "Nimefuta yote, Bibi. Imebidi nianze sifuri."

"Nani kakwambia? Ile miezi minane ulilala wapi, mbinguni? Ulijifunza kupita njia nyingine, ulijifunza kulala, ulijifunza kuniambia ukweli. Rangi nyeupe imefuta hivyo?"

Nililia pale, mbele ya wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi. Mmoja alimuuliza Mpishi kama nimefiwa. "Hapana," alijibu, "amekosea herufi."

Alipoondoka aliacha swali moja: siku ya kumuaga mdogo wako, nani ataonja? Nililijua jibu, na lilinitisha. Kwetu mkono uliomimina mara ya kwanza ndio humimina mara ya pili. Mkono ukibadilika, wageni huuliza kulikoni, na ndoa zimewahi kuvunjika kwa dogo kuliko hilo. Nikionja, nilijua naelekea wapi. Nikikataa, ningeweza kumharibia mdogo wangu siku yake.

Nilikwenda Goweko wiki mbili kabla, nikamwambia mama jikoni, akiwa anapepeta. Ungo ulisimama hewani.

"Tangu lini?"

"Miaka minne, mama."

"Na ile malaria?"

"Haikuwa malaria."

Alipepeta tena, muda mrefu, mchele ambao ulikuwa umeshakuwa safi. "Wakwe watadhani tumewatilia kitu," alisema mwishowe. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kumbe amesikia yote, alisema, "Dada, ukikataa kimyakimya watadhani hivyo. Ukisema, watajua." Mama alisema, "Basi aseme mwenyewe. Mimi sina mdomo wa kusema hilo."

Siku ilipofika nilikuwa nimeandika maneno yangu na kuyasahihisha kurasa tatu. Mpishi alikuja kwa basi, bila mtu kumtarajia, khanga mpya, chupa yake ya chai kwapani, akaketi kwenye mkeka wa kina mama. Nilipiga magoti mbele ya yule mzee wa Nzega, kibuyu mkono huu, kata mkono huu. Aliinua kikombe. Kurasa zote tatu zilinitoka kichwani.

"Baba," nilisema, "mara ya kwanza niliwaonjea. Leo sionji. Mimi nikionja siachi. Nimelazwa kwa sababu hiyo. Mkono wa kumimina ni uleule, lakini mdomo wa kuonja utakuwa wa mama yangu."

Mzee alishusha kikombe.

"Binti, unasema pombe hii ina kitu?"

"Pombe haina kitu, baba. Mimi ndiye mwenye kitu."

Alinitazama. Mkono wangu wa kulia ulitetemeka, na kwa mara ya kwanza sikuuficha. Mama alikuja akaketi kando yangu. Mama yangu, asiyependa hata harufu yake, alipokea kata, akanywa mafunda matatu makubwa, akapaliwa, akakohoa mpaka kilemba kikaanguka. Kina mama wakaanza kucheka, na mzee naye akacheka, akanyoosha kikombe.

"Mimina," aliniambia. Kisha, kwa sauti ya chini, "Kwetu wapo pia. Sisi tunasema wana malaria."

Nilimimina. Sikumwaga hata tone. Nilipomaliza safu yote ya wageni, sauti ilitoka kwenye mkeka wa kina mama.

"Na sisi tusiokunywa tumekuja kuchungulia? Chai iko wapi?"

Nilikwenda jikoni, nikaleta chupa kubwa ya chai na kikombe. Nilijua atasema ameshiba. Chupa yake ilikuwa pale pale, imeegemea goti lake. Hata hivyo nilimimina. Niliinua kikombe mbele ya macho yake, nikapiga funda moja, nikanyamaza kidogo, nikilisikiliza tumbo langu.

"Mimi bado ni mzima, Bibi," nilisema. "Kunywa."

Alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akakipokea, akanywa mpaka nusu.

"Tangawizi haitoshi," alisema, akakirudisha mbele yangu niongeze.